Chipmunk kuvaa Lycoming: kwa nini nilisema ndiyo

"Fundi, mumeiua. Hiyo si Chipmunk tena."

Maneno haya niliambiwa na rubani mstaafu, mtu ninayemheshimu sana, tukiwa barazani kwenye kahawa karibu na Marikiti. Alikuwa amesikia kwamba ile ndege ya mafunzo tunayoifufua kule Ukunda tumeing'oa injini yake ya asili, Gipsy Major, na kuitia Lycoming, injini ya Kimarekani. Nilianza kumjibu, adhana ya alasiri ikaingia, kila mtu akashika njia yake. Si yeye peke yake anayesema hivyo, basi nimeona niliandike jibu lote.

Ndege yenyewe ni De Havilland Canada DHC-1 Chipmunk. Viti viwili, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma, gurudumu dogo chini ya mkia. Iliruka mara ya kwanza tarehe 22 Mei 1946 huko Kanada, na aliyeongoza uchoraji wake ni mhandisi wa Kipolandi, Wsiewołod Jakimiuk. Waingereza waliichukua kuwa mrithi wa Tiger Moth, ndege yao ya mafunzo ya zamani. Kiwiliwili ni cha bati tupu, lakini sehemu ya nyuma ya bawa bado ni kitambaa kilichopakwa rangi. Hii yetu ilishuka Kilindini ndani ya kontena, mabawa yamefunguliwa na kufungwa ubavuni kwa mablanketi. Mwenyewe ni kijana mfanyabiashara wa hapa mjini, aliyeweka akiba muda mrefu kwa ajili yake na hakutaka kuinunua ikiwa imetengenezwa tayari. Alitaka aione ikirudi hai mbele ya macho yake. Kwa hilo peke yake nilimpenda.

Mimi nina sababu yangu. Marehemu baba alikuwa fundi Eastleigh, Nairobi, Jeshi la Anga la Kenya lilipokuwa changa. Jeshi lile liliundwa tarehe 1 Juni 1964, na Chipmunk ndizo zilizokuwa ndege zake za mwanzo za kufundishia marubani. Baba alikuwa akitusimulia namna ya kuziwasha: hakuna stata ya umeme, unatia risasi isiyo na kichwa kwenye stata, unavuta, inalipuka kwa kishindo, na moshi wa baruti unaisukuma injini mpaka ishike. Alikuwa akiutoa mlio huo kwa mdomo na sisi watoto tunaruka. Nimekua nikiijua Chipmunk kwa sauti kabla ya kuiona kwa macho.

Kwa hiyo asinifikirie mtu kwamba naidharau Gipsy Major. Ni injini nzuri. Silinda zake nne zimepangwa mstari mmoja na kuning'inia kichwa chini: krenki, mhimili unaozungusha propela, iko juu, vichwa vya silinda viko chini. Mpango huo una akili. Propela inakaa juu, mbali na majani na mawe, na pua inakuwa nyembamba, rubani anaona mbele hata mkia ukiwa chini. Ujazo wake ni lita 6.1, nguvu farasi 145 kwa aina iliyofungwa kwenye Chipmunk. Ina tabia zake, nazo fundi anazijua kama anavyojua tabia za jirani. Ikikaa, oili inateremka ndani ya silinda, maana silinda ndizo zilizo chini. Kabla ya kuwasha lazima uizungushe propela kwa mkono, polepole. Ukihisi imegoma, usiilazimishe: fungua plagi, mwaga oili, ndipo uendelee. Anayelazimisha anapinda konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki.

Tuliifungua ya kwetu tukakuta nyufa kwenye vichwa viwili vya silinda, na dalili nyingine kwenye krenki ambazo sikuzipenda. Spea za Gipsy bado zipo duniani, hasa Uingereza, na wako mabingwa wa kuzitengeneza. Lakini ukiwa Mombasa, kila kipande ni barua, ni subira, ni ushuru bandarini, na injini nzima kuipeleka ng'ambo na kuirudisha ni mradi juu ya mradi. Lycoming kwa upande mwingine ndiyo injini iliyolea mafundi wa nchi hii. Nenda Wilson, Nairobi, hanga yoyote yenye Cessna au Piper, utamkuta kijana anayeweza kuifungua O-360, Lycoming ya aina ya hii yetu, na kuifunga akiwa anazungumza na wewe.

Yule kijana alinijia jioni moja, akaketi juu ya sanduku la zana.

"Ami, tungoje Gipsy ama tutie Lycoming?"

"Kwani wewe ndege waitaka ya kutazama ama ya kuruka?"

"Ya kuruka, Ami. Na wanangu waruke."

"Basi tia Lycoming. Na Gipsy usiiuze."

Sasa nirudi kwenye hoja ya kwamba tumeiua. Nadhani wanaosema hivyo wanazichanganya ndege za mafunzo na ndege za kivita. Mpiganaji kama Spitfire alichorwa kuizunguka injini fulani, na watu wanakuja kuisikia injini ile. Ndege ya mafunzo haikuzaliwa hivyo. Ilizaliwa ili mwanafunzi ajifunze, na majeshi yenyewe yaliibadilishia injini pale yalipohitaji, bila kulia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walikuwa na Fairchild PT-19, yenye injini ya Ranger, silinda sita za kuning'inia. Viwiliwili vikatoka kiwandani kwa kasi kuliko injini. Hawakungoja: walifunga Continental R-670, yenye silinda zilizopangwa duara, kwenye kiwiliwili kile kile, wakaiita PT-23, na wanafunzi wakaendelea kuruka. T-34 Mentor ilianza maisha na injini ya pistoni ya nguvu farasi 225, baadaye jeshi la majini la Marekani likaipa injini ya tabini na kuiita T-34C. Na sisi wenyewe hapa Kenya: Tucano ambazo Jeshi letu la Anga lilizipokea mwanzo wa miaka ya 1990 hazikuwa na injini waliyoianza nayo Wabrazili. Embraer waliichora na Pratt & Whitney PT6 ya nguvu farasi 750; kampuni ya Short kule Belfast ikaing'oa na kuweka Garrett TPE331 ya 1,100. Sijamsikia mtu akisema Tucano zetu si Tucano.

Wenye ndege binafsi nao wamefuata njia hiyo hiyo. Nanchang CJ-6 ya Kichina huja na injini ya Huosai ya nguvu farasi 285, na wamiliki wengi Marekani huibadilisha kwa M-14P ya Kirusi ya 360, kwa kuwa injini hizo mbili ni za ukoo mmoja na zinakaribiana hata mahali pa kufungia. Stearman ilienda na kurudi. Baada ya vita wanyunyiziaji dawa mashambani waling'oa Continental za 220 wakafunga Pratt & Whitney za 450 ili zibebe mzigo; siku hizi wanaozifufua, wengi wao wanarudisha ile ndogo. Mtu akichagua kurudisha, nafurahi naye. Ni chaguo jema kwa aliye na uwezo na spea karibu.

Na Chipmunk yenyewe? Jeshi la Anga la Ureno, nchi iliyounda Chipmunk 66 kwa leseni, liliweka Lycoming ya nguvu farasi 180 kwenye zake kadhaa ili zivute nyiririko, zile ndege zisizo na injini. Art Scholl, mwanasarakasi wa angani wa Marekani, aliipa yake Lycoming ya 260 na kuibadilisha mambo mengine chungu nzima, na leo ndege ile iko kwenye jumba la makumbusho la taifa la anga, tawi la Udvar-Hazy karibu na Washington. Wale wanaolinda historia kwa kazi waliipokea jinsi ilivyo.

Hiyo ndiyo nusu ya maneno yangu. Nusu ya pili inanikera zaidi, na hapa ndipo ningemwunga mkono yule rubani kama angesema hivi: wako watu wanaobadilisha injini wakidhani wamebadilisha injini tu.

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi, Lamu na Mombasa. Alipotia mashine ya dizeli, kila mtu Bandari ya Kale alizungumzia mashine. Yeye mwaka mzima alikuwa akizungumzia kalafati, ile pamba ya kuziba viungo vya mbao. Mtetemo wa mashine ulikuwa ukifungua viungo vya mbao ambavyo tanga halikuwahi kuvisumbua, maji yakaingia mahali ambapo hayakuwa yakiingia, na ilibidi chombo kizima kikalafatiwe upya kwa hesabu nyingine. Ndege ni hivyo hivyo. Injini mpya inagusa kila kitu mpaka mkiani.

Tuanze na sanduku. Lycoming yetu ilivuka Likoni juu ya pikapu, kwenye feri, katikati ya watu na mikokoteni ya madafu. Injini ikisafirishwa, matundu ya plagi hufungwa plagi za plastiki zenye chembe za kukausha unyevu. Chembe hizo huwa za buluu zikiwa kavu, zikinywa maji zinageuka waridi. Tulipofungua mfuniko wa mbao, nane zote zilikuwa waridi. Mwenye ndege akaona rangi nzuri. Mimi sikuona uzuri. Joto la bandarini na hewa ya chumvi vilikuwa vimefanya kazi yake, na kabla ya kuigusa boliti yoyote tulipitisha kamera nyembamba ndani ya kila silinda kutafuta kutu. Kuta zilikuwa zimelainika kwa oili ya kuhifadhi, safi. Tukaweka chembe kavu siku ile ile.

Hili la kutu ni jambo la Mombasa hasa. Kwenye Lycoming kamshafti, mhimili unaofungua vali, iko juu ya krenki. Injini ikisimama wiki kadhaa, oili yote inateremka, na vile vinundu vya kamshafti vinabaki vikavu juu kule, vikipigwa na hewa ya pwani. Vikishika kutu vinaanza kukwanguana, na chuma kinaingia kwenye oili. Hakuna dawa bora kuliko kuruka mara kwa mara, injini ipate moto wa kutosha kufukuza maji. Kuiwasha chini dakika tano halafu kuizima ni kuiongezea unyevu tu. Nimemwambia kijana: Lycoming wanatoa saa 2,000 kabla ya ovaholi, yaani kuifungua yote na kuifanya upya, ama miaka 12, kitakachotangulia. Kwa mtu anayeruka wikendi, miaka ndiyo itakayotangulia, na hapa pwani kutu yaweza kuitangulia hiyo miaka.

Kisha umbo. Gipsy ni ndefu na nyembamba, zaidi ya mita moja na ishirini kwa urefu na kama nusu mita kwa upana. O-360 ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, kwa hiyo ni fupi, sentimita 75 hivi, na pana kama sentimita 85. Boneti ya zamani haiwezi kuifunika. Ilibidi tuunde mpya yenye mashavu, na hapo Chipmunk inapoteza ile pua yake ya msumari. Hilo nakiri ni hasara ya macho, na nililiona likiniuma nilipoweka boneti ya zamani kando. Gipsy hushikwa ubavuni, Lycoming hushikwa mgongoni kwa fremu ya mabomba ya chuma yenye raba. Fremu yetu ni ndefu kwa sababu injini ni fupi, na propela lazima ikae mbele mahali pake. Tangi la oili lililokuwa pembeni halina kazi tena, maana Lycoming hubeba oili yake tumboni. Kila kilichotoka na kilichoingia kinapimwa na kuandikwa.

Hewa ya kupoza ilinichukua muda kuliko nilivyotegemea. Gipsy huvuta hewa kwa tundu la upande mmoja wa pua na kuipitisha kati ya silinda kuelekea upande wa pili. Lycoming huipokea mbele kwa matundu mawili na kuisukuma kutoka juu kwenda chini. Mabati ya kuiongoza yakiacha mwanya hata wa kidole, hewa itapita hapo na silinda ya nyuma itaungua. Na sisi tunapimia kwenye uwanja ambao saa nane mchana chuma hakishikiki kwa mkono mtupu. Kijana wangu wa mkono aliingia chini na kurunzi, mimi nikawa juu, na kila mahali nilipoona mwanga tukaziba kwa raba.

Mzani nao. Ndege inawekwa juu ya mizani mitatu, miwili kwa magurudumu makubwa na mmoja kwa la mkia, ikiwa imesawazishwa kama inavyoruka. Uzito mzima si kitu sana. La maana ni mahali unapokaa. Ukirudi nyuma hata kwa vidole vichache, ndege itakayosamehe makosa inageuka kuwa ndege isiyosamehe. Tulihamisha betri mpaka hesabu ikatulia ndani ya mipaka.

Mafuta: tangi la kila bawa ni lita 41 hivi. Lycoming ikisafiri hunywa lita 35 hadi 38 kwa saa. Toa akiba ya nusu saa, unabaki na saa moja na dakika arobaini na kitu. Nguvu umepata, masafa hukupata.

Na nguvu hiyo haikuongeza hata uzi mmoja wa uimara kwenye bawa. Mwaka 1999 T-34 moja Marekani ilikatika bawa angani ikiwa kwenye mchezo wa kupigana, na mamlaka ya kule ikaamuru mihimili ya mabawa ya aina ile ikaguliwe. Bawa la miaka ya 1950 lina umri wake wa uchovu. Mwenye injini kubwa anashawishika kuvuta zaidi. Kwa hiyo mihimili ya Chipmunk yetu ilikaguliwa kabla sijakubali kuagiza injini, na mipaka ya mwendo na ya mvuto unaolielemea bawa imebaki ile ile ya zamani, imeandikwa kwa herufi nyekundu mbele ya viti vyote viwili.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Gipsy huzungusha propela kinyume cha Lycoming. Ukiwa umekaa kitini, ya Gipsy inazunguka kinyume cha saa, ya Lycoming inafuata saa. Maana yake, Chipmunk ya asili ukiipa nguvu zote pua inakimbilia kulia, na rubani anaishika kwa mguu wa kushoto. Hii yetu pua inakimbilia kushoto. Rubani aliyezoea Chipmunk miaka na miaka ndiye aliye hatarini kuliko mgeni, maana mguu wake wa kushoto unajua kazi kabla ya kichwa.

Rubani wetu wa majaribio ni dada mmoja aliyerusha Tiger Moth, nayo ina Gipsy, na anajua vizuri miguu yake inataka nini. Kabla ya injini kuwashwa alikaa ndani, kofia kichwani, nikaisukuma throtoli pole pole kwa mkono wangu kutoka nje naye akawa anabonyeza pedeli ya kulia kwa kiasi kile kile. Tena na tena. Nikabadilisha kasi nimshtukize. Tukabandika utepe juu ya dashibodi: MGUU WA KULIA. Siku ya kukimbia chini bila kuruka, mkia uliponyanyuka niliona pua ikijaribu kwenda kushoto, usukani wa mkia ukawa tayari umeshafika kulia, ndege ikanyooka katikati ya njia. Aliporudi hakusema neno kwanza. Akatoa kidole gumba, kisha akasema, "Mzee, ule utepe usiutoe."

Faili la karatasi sasa ni nene kuliko kitabu cha ndege yenyewe: michoro ya fremu, hesabu za mzani, vipimo vya joto, vyote vya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Wanaolalamika juu ya karatasi hizo wangekaa nami nikijibu maswali ya KCAA moja baada ya jingine. Mengi yalinifanya nikapime tena kitu nilichodhani kimekwisha.

Gipsy iko kwenye stendi pale pale hangani, imejazwa oili ya kuhifadhi na kufunikwa. Fremu yake, tangi lake la oili, boneti ya pua nyembamba, mabomba, kila boliti, vimefungwa mifukoni na kupewa namba. Kwenye kiwiliwili hatukutoboa tundu jipya hata moja mahali pasipokuwa na tundu. Vichwa vya silinda vitakapopatikana vizima, iwe kwa kijana huyu au kwa wajukuu zake, ndege inarudi ilivyokuwa kwa kazi ya spana.

Kilichobaki ni majaribio ya angani, hatua kwa hatua: kupanda, joto, bawa kupoteza nguvu ya kuinua kwa mwendo mdogo. Mzunguko wa kuanguka, yaani ndege kushuka ikizunguka kama pia, tumeupiga marufuku kwa sasa. Chipmunk za zamani ziliongezewa mbavu ndogo za bati mbele ya mkia ili zitoke kwenye mzunguko huo kwa urahisi, na hizo zetu zipo, lakini pua na uzito si vile tena, na hakuna atakayejua mpaka rubani apande juu kabisa na kuujaribu akiwa peke yake na parachuti mgongoni. Kijana ameshaniuliza lini atawapandisha wanawe. Nimemwambia jibu halitatoka kwangu, litatoka kwa yule dada, na yeye hapendi kuharakishwa.